Kimeng'enya G6PD

G6PD (glukosi-6-fosfati dehidrojenasi) ni kimeng'enya kinachozikinga seli dhidi ya oksidishaji. Huzalisha NADPH, molekuli inayoirudishia glutathioni uwezo wa kuzima peroksidi. Seli nyekundu za damu hazina mitokondria, hivyo hukitegemea kimeng'enya hiki pekee kupata NADPH. Kikipungua, hemoglobini huharibika na seli hupasuka.

Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana upungufu huwapata zaidi wanaume. Ulitambuliwa Marekani mwaka 1956 kwa watu walioishiwa damu baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake kuhusu upungufu huo miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, yeye na David Clyde walieleza kwamba watoto wa Tanganyika wenye upungufu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Kiwango cha kinga hiyo bado kinajadiliwa.

Katika tambarare ya Imbo nchini Burundi, ambamo jiji la Bujumbura limejengwa, malaria ni ugonjwa wa kila mwaka, na uchaguzi wa dawa hauwezi kutenganishwa na G6PD. Mchanganyiko wa kloproguanili na dapsoni uliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa kuwapasulia watoto wenye upungufu seli za damu. Primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, iliruhusiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 bila kipimo cha G6PD. Tiba ya primakwini ya siku 14 huhitaji kipimo hicho.