Kando ya Kitanda: Safari ya Huduma kwa Wanaokufa, Kutoka London Hadi Kampala

Februari 1948, katika hospitali moja ya London, alifariki mhudumu wa mgahawa aliyeitwa David Tasma. Alikuwa Myahudi kutoka Warsaw, Poland, mwenye umri wa miaka 40, na saratani ilikuwa imemmaliza akiwa ugenini. Mtu aliyekaa naye sana siku zake za mwisho alikuwa Cicely Saunders, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyewahi kuwa muuguzi, Mwanglikana wa miaka 29. Walizungumza mara nyingi kuhusu nyumba ambayo mtu wa hali kama hiyo angeweza kufia bila kuteswa na maumivu na bila kuachwa peke yake. Tasma alimwachia pauni 500, akisema ziwe dirisha katika nyumba hiyo. Wakati huo nyumba yenyewe haikuwa na kiwanja wala ramani.

Ilichukua miaka 19 hadi mlango wake ulipofunguliwa. Naieleza historia hii kwa sababu makanisani kwetu tunapotaja thamani ya uhai, hoja huanzia tumboni mwa mama na mara nyingi huishia hapo hapo. Mtu aliyelala chumba cha uani akioza kwa saratani ya titi, huku nyumba nzima ikipita mlangoni pake kimya kimya, naye ana uhai. Ukristo una historia ndefu juu yake, na sehemu nzuri ya historia hiyo imeandikwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Matabibu wa Ugiriki ya kale walikuwa na kanuni kwamba mgonjwa aliyekwisha kushindwa na maradhi asiguswe, maana dawa haina la kumfanyia. Wakristo wa mwanzo walikwenda kinyume. Tauni ilipoipiga Dola ya Kirumi katikati ya karne ya 3, Askofu Cyprian wa Carthage aliwahimiza waumini wake wawahudumie wagonjwa, hata wasio wa imani yao. Miaka ya 370 hivi, Basil wa Kaisaria, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alijenga nje ya mji wake makazi ya maskini, wagonjwa na wenye ukoma. Karne nyingi baadaye, mwaka 1842, mjane Mfaransa Jeanne Garnier, aliyekuwa amefiwa na mume na watoto wake wawili, alianzisha mjini Lyon chama cha wanawake wa kuwatunza wanaokufa. Masista wa Ireland walifungua nyumba ya namna hiyo Dublin mwaka 1879, na nyingine mashariki mwa London mwaka 1905, iliyopewa jina la Mtakatifu Yosefu.

Nyumba hizo zilikuwa na sala, shuka safi na mkono wa kushika. Maumivu, hata hivyo, hayakuwa na mwenyewe. Mofini ilikuwa imejulikana tangu mwanzo wa karne ya 19, lakini madaktari waliiogopa, wakaitoa kwa kubania. Mgonjwa alisubiri mpaka maumivu yarudi, akaomba, akaambiwa muda bado, akalia, ndipo akachomwa sindano. Saunders, aliyekuwa akijitolea jioni katika nyumba ya Mtakatifu Luka jijini London, iliyoanzishwa na Wamethodisti, aliona jambo tofauti. Wauguzi wa wodi pale waliwanywesha wagonjwa mofini ya maji kwa saa maalumu, kabla dozi ya awali haijaisha nguvu. Wagonjwa hawakuwa wakilia. Walikuwa wakizungumza na wake zao.

Alipomweleza daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi, Norman Barrett, kwamba anataka kurudi kwenye uuguzi ili awahudumie wanaokufa, daktari alimshauri akasomee udaktari, kwa kuwa madaktari ndio wanaowatelekeza watu hao na yeye kama muuguzi hatasikilizwa. Akaenda. Alihitimu mwaka 1957 akiwa na miaka 38, kisha kwa miaka saba akafanya kazi na masista wa nyumba ile ya Mtakatifu Yosefu, akiandika kwa kila mgonjwa dozi, saa, usingizi, hofu, hata ugomvi wa kifamilia. Kutokana na kumbukumbu hizo alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na kwamba kutibu moja na kuacha mengine ni kumtibu nusu mtu. Mama anayekufa huku hajui nani atamlipia mwanawe ada hatulii kwa mofini peke yake.

Nyumba waliyoizungumza na Tasma, hospisi ya Mtakatifu Christopher, ilifunguliwa kusini mwa London mwaka 1967, na dirisha la Tasma likawekwa mlangoni. Ilijengwa juu ya msingi wa Kikristo, lakini mgonjwa hakuulizwa imani yake kabla ya kupewa kitanda. Ingewezekanaje, ikiwa senti ya kwanza ilitoka kwa Myahudi?

Kulikuwa na swali moja lililowasumbua Wakristo wengi wa kizazi kile, na hapa kwetu bado linatusumbua: je, kuondoa maumivu si kuingilia mapenzi ya Mungu? Februari 1957 Papa Pius XII, akizungumza na madaktari wa usingizi, alijibu kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa ya maumivu hata kama inaweza kufupisha siku zake, mradi nia ni kumtuliza na si kumuua. Kwa maoni yangu jibu lile lingestahili kusomwa kila parokia. Nimewasikia watu wazima wakimwambia mgonjwa avumilie kama Kristo alivyovumilia. Neno hilo ni zito mno kuwekwa mdomoni mwa mtu asiye na maumivu.

Miaka miwili baada ya hospisi kufunguliwa, mwaka 1969, Baraza la Malodi la bunge la Uingereza lilijadili na kukataa muswada wa kumruhusu daktari amsaidie mgonjwa kufa. Saunders aliupinga, na aliendelea kupinga hadi alipofariki mwaka 2005, katika hospisi ile ile aliyoianzisha. Hakupinga kwa mahubiri. Alisimulia alichokiona wodini: watu waliofika wakiomba kufa, maumivu yakadhibitiwa, wakaacha kuomba. Wapo ambao hawakuacha, kwa sababu kilichowatesa ni hofu ya kuwa mzigo kwa watoto wao. Uholanzi ilichukua njia nyingine, na sheria yake ya kuruhusu kifo cha kuomba ilianza kutumika mwaka 2002. Mimi nasimama upande wa Saunders. Lakini kanisa linalosema hapana kwa kifo cha kuomba, kisha halimpelekei mgonjwa dawa wala mtu wa kukaa naye, limemnyang'anya mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1990 hospisi ya Nairobi ilianza kazi katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa sista wa shirika la kimisionari la Ireland na kufanya kazi miaka mingi Nigeria. Alikuwa ametoka Singapore, ambako pamoja na wafamasia alitengeneza mofini ya maji ya bei ndogo. Mwaka 1993 alihamia Kampala akiwa na fedha za kuendesha kazi kwa miezi mitatu tu, na hospitali ya Kikatoliki ya Nsambya ikamwazima nyumba ndogo. Sharti lake kwa serikali ya Uganda lilikuwa moja: unga wa mofini uruhusiwe kuingia nchini. Waziri wa afya wa wakati huo alikubali.

Kutengeneza dawa hiyo hakuhitaji kiwanda kikubwa. Unga hupimwa kwenye mizani, huchanganywa na maji yaliyochemshwa, hutiwa kihifadhi ili isiharibike, kisha rangi: kijani kwa dawa hafifu, waridi kwa iliyo kali zaidi, buluu kwa kali kuliko zote, ili hata bibi asiyejua kusoma asikosee chupa. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na usiku dozi mara mbili ili alale. Kwa kuwa mofini hufunga choo, hospisi iliwafundisha jamaa kutumia mbegu za papai zilizokaushwa pale dawa ya choo inapokosekana. Kwa kidonda cha saratani kinachonuka hadi wageni wakaacha kuja, walifundishwa kusaga vidonge vya metronidazo na kunyunyizia unga wake kidondani. Harufu ikiisha, wajukuu hurudi kukaa kitandani kwa bibi yao. Sijui mahubiri yanayoishinda kazi hiyo.

London hospisi ilikuwa jengo lenye vitanda. Uganda ilikuwa gari na muuguzi, kwa sababu wagonjwa walikuwa nyumbani, UKIMWI ulikuwa umeshajaza wodi, na aliyekuwa akimuuguza mgonjwa ni mke, binti au mtoto wa shule. Mwaka 1998 huduma ilifika Mbarara na Hoima. Madaktari walikuwa wachache mno vijijini, hivyo mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kisheria wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Baadaye serikali ilichukua jukumu la kununua unga, hospisi ikabaki na kazi ya kuuchanganya kwa ajili ya nchi nzima, na mgonjwa hupewa bure. Merriman alifariki Kampala mwaka 2025, akiwa na miaka 90.

Tanzania nayo ina sura yake. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa nchi nzima, na wengi waliofika walikuwa wamechelewa kuponywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, kwa kumfuata nyumbani, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) likaieneza katika hospitali zake nyingine, likiwatumia waumini waliojitolea. Hao ndio wanaojua njia ya kwenda kwa mgonjwa, wanaomkuta hana chakula, wanaogundua kwamba mlezi mwenyewe hajalala wiki nzima. Jumuiya na sharika zetu zilikuwa na watu hao hata kabla ya neno hospisi kufika. Kilichokosekana ni mafunzo na dawa.

Dawa bado inakosekana. Mwaka 2017 kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ilihesabu kwamba kati ya takriban tani 299 za mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zote kwa pamoja hupata kilo 100 hivi. Wakristo tunaoandamana kutetea uhai tunapaswa kuiona namba hiyo kuwa ni habari yetu. Tunachangishana jeneza zuri, tenti, gari la kusafirisha mwili na vyakula vya matanga, na ni desturi njema. Miezi sita kabla ya hapo, huyo huyo marehemu alikuwa akiuma blanketi usiku ili watoto wasimsikie, na hakuna aliyepitisha bahasha.

Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa umoja wa wanawake: Jumapili hii ombeni majina ya walio vitandani majumbani, na mpange nani atakaa na nani siku gani, ili binti anayemuuguza mama yake apate kulala. Halafu nendeni hospitali ya wilaya mkaulize kama mofini ya maji ipo. Kama haipo, mwandikieni mganga mkuu wa wilaya, na barua hiyo muifuatilie mpaka ijibiwe.