Lubumbashi: washauri wa 1957, washauri wa 2023 na mji wa chuo kikuu

Tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa Lubumbashi walipiga kura kuchagua washauri wa mitaa. Kwa vijana jambo hilo lilikuwa jipya. Lakini mji huu ulikwisha kuonja kura ya namna hiyo miaka 66 iliyotangulia.

Ilikuwa Desemba 1957, mji ungali unaitwa Elisabethville. Wabelgiji waliruhusu watu weusi kupiga kura katika mitaa yao: Albert, ambayo leo ni Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi. Wanawake hawakupiga kura, na mwanaume alipaswa kuwa ametimiza miaka 25. Wengi waliopata kiti cha burugumesta katika mitaa hiyo walikuwa wametoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Basi shauri la maji, barabara na nyumba likageuka shauri la nani mwenyeji na nani mgeni. Mwaka 1958 chama cha CONAKAT kilizaliwa katika hasira hiyo. Mbegu hiyo haikufa: mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wakilala vituoni wakingojea treni.

Mwaka mmoja kabla ya kura ile, yaani 1956, chuo kikuu kilikuwa kimefungua milango, kikipokea wanafunzi weusi na weupe pamoja. Mwaka 1971 kiliingizwa katika UNAZA, na mwaka 1981 kikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Nacho kilipata machungu yake: usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa kampasini na kuuawa. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Historia hiyo inamwonyesha mshauri wa leo pa kuanzia. Sheria ya Oktoba 2008 inaipa baraza la mtaa kazi za karibu na watu: barabara ndogo, mifereji, masoko, usafi, taa za usiku. Wanafunzi wengi hawalali Kasapa; wanapanga vyumba mitaani pamoja na wakaaji wengine. Mfereji ukiziba wakati wa mvua, maji yanaingia kwa mwanafunzi na kwa mama muuza unga vilevile. Barabara ikiwa giza, wote wawili wanaogopa kurudi nyumbani.

Tena, kwa sheria hiyo hiyo, washauri wa mitaa ndio huchagua washauri wa mji, na hao huchagua meya. Kwa hiyo mkaaji ana haki ya kumwuliza mshauri wake mapema: mfereji gani utafunguliwa kwanza, na kwa feza gani? Akijibu kwa kutaja kabila, wakaaji wakumbuke yaliyofuata kura ya 1957.