Akdi, na Habari ya Bei ya Khiyari

Ndugu msomaji, huenda ndani ya kasha la marehemu babu yako ukakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa wino mweusi na hati za Kiarabu, na chini yake majina ya mashahidi. Wazee wetu wakiita karatasi kama hiyo waraka. Ukimpata wa kukusomea, atakwambia kuwa fulani bin fulani amekiri ya kwamba ameuza shamba lake la karafuu kwa fulani, kwa riale kadhaa, na kwamba ana khiyari mpaka muda kadhaa. Pengine utasikitika kuwa babu aliuza shamba. Usifanye haraka. Waraka unasema ameuza. Lakini katika nia za watu wale wawili, siku ile walipokaa mbele ya mwandishi, huenda hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Mmoja alikopa na mwingine akakopesha.

Ili tufahamu jambo hili lilikuwaje, hatuna budi tuanze na neno lenyewe, akdi.

Akdi kwa Kiarabu ni kufunga fundo. Ndilo neno lililomo katika aya ya kwanza ya Sura ya Al-Maida, pale Mwenyezi Mungu anapowaamrisha walioamini wazitimize akdi zao. Sisi watu wa pwani neno hili tumelihifadhi zaidi kwa nikahi, na mapatano mengine tukayaita mikataba, neno ambalo asili yake ni kuandika. Hapo pana tofauti ambayo watu wengi wanaipita bila ya kuiona. Katika sheria yetu akdi si karatasi. Akdi ni lile fundo linalofungwa kwa ijabu na kabuli, huyu anatoa na yule anapokea, baina ya watu wawili wenye akili na hiari zao, juu ya kitu kinachojulikana. Karatasi ni shahidi tu wa fundo. Na shahidi, kama ujuavyo, aweza kusema kweli na aweza kusema uwongo.

Maulamaa wamezigawa akdi kwa njia nyingi, nami sitakuchosha kwa kuzitaja zote. Ziko za kubadilishana, kitu kwa kitu, kama bei na ijara. Ziko za kutoa bila ya kutaka badali, kama hiba na wakfu. Na ziko za kuimarisha haki ya mtu, kama rahani na dhamana. Tena wakatazama akdi inamfunga nani. Bei ikishakamilika huwafunga wote wawili. Uwakala haumfungi yeyote. Kila mmoja aweza kujitoa apendapo. Ama rahani inamfunga mmoja tu: mwenye kuweka, akishaikabidhi, hawezi kuichukua mpaka alipe deni, bali aliyewekewa aweza kuirudisha wakati wowote.

Rahani ndiyo njia iliyo wazi ya mtu mwenye mali na asiye na fedha. Imetajwa katika Sura ya Al-Baqara, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki dunia na hali deraya yake imewekwa rahani kwa Yahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kwa watu wa nyumbani kwake. Lakini rahani ina sharti ambalo mkopeshaji wa biashara halipendi. Shamba likiwekwa rahani linabaki kuwa la mwenyewe, na karafuu zake ni zake. Aliyewekewa akishurutisha kuwa mavuno yawe yake, basi amejitengenezea faida juu ya mkopo, na hiyo ni riba. Kwa hivyo anakaa na dhamana mkononi, anangoja fedha zake zirudi zile zile. Hapa ndipo ilipotoka haja ya kutafuta jina jingine.

Khiyari ni lile lile neno letu la hiari. Katika bei maana yake ni kuwa mmoja ameshurutisha apewe muda wa kufikiri: akitaka aithibitishe bei, akitaka aivunje. Asili yake ni huruma. Habban bin Munqidh, katika masahaba, alikuwa akipunjika sana sokoni, na Mtume akamfundisha aseme kwamba pasiwe na hadaa, akampa khiyari ya siku tatu. Kwa ajili hiyo madhehebu yetu ya Kishafii hayapitishi khiyari ya sharti zaidi ya siku tatu. Ama maulamaa wengi wa Kiibadhi waliikubali khiyari ya muda mrefu maadamu muda umetajwa, na huko Oman bei hii ilienea mno. Tusidhani kuwa ni watu wa Oman peke yao. Hadhramaut, nchi ya Mashafii watupu, walikuwa na bei ya uhda, ambayo ni ndugu yake. Na Mahanafi wa Bukhara na Balkh walikuwa na bei ya wafaa tangu karne ya tano ya Hijra. Kila mahali shida ni moja: mtu anataka fedha, mwenye fedha anataka faida, na mlango wa riba umefungwa.

Basi na tuje Unguja. Katika zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, mikarafuu ilipandwa Unguja na Pemba kwa wingi. Mkarafuu hauzai mwaka wa kwanza wala wa tatu. Mwenye shamba anahitaji miaka mingi ya matumizi kabla ya kuona kikonyo kimoja. Tena mavuno yenyewe hayana uaminifu, mwaka huu mengi na mwaka ujao hakuna. Fedha zilikuwa kwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, Mabaniani na Waislamu, ambao nao wakidaiwa na matajiri wa Bombay. Na walikuwako Waarabu waliokopesha pia. Mwaka 1872 ikaja tufani iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na aliyekuwa anadaiwa kidogo akadaiwa zaidi.

Nitakupa mfano wa kutunga, upate kuona mambo yalivyokuwa yakienda. Mwenye shamba anataka riale 1,000. Anaandika waraka kuwa ameliuza shamba lake kwa tajiri kwa riale 1,000, na ana khiyari ya miaka 3: akizirudisha fedha, shamba lake. Siku ile ile, pengine kwa mkono wa mwandishi yule yule, unaandikwa waraka wa pili: tajiri anamkodisha yule yule muuzaji shamba lile lile kwa riale 100 kila mwaka. Muuzaji hakutoka nyumbani kwake, wala tajiri hakulikanyaga shamba. Baada ya miaka 3 mwenye shamba amelipa riale 300, na 1,000 bado ziko vile vile shingoni mwake. Hizo riale 100 zinaitwaje? Waraka unaziita kodi. Wewe na mimi tunajua jina lake.

Na tusisahau kuwa kabla ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, mali iliyofungwa kwa madeni haya haikuwa miti na ardhi tu. Walikuwamo na watu, waliowekwa dhamana kwa deni wasilolikopa wao.

Je, maulamaa walinyamaza? Hawakunyamaza. Miongoni mwa Maibadhi wenyewe palikuwa na mjadala mrefu juu ya mavuno ya shamba lililouzwa kwa khiyari ni ya nani, na wako waliosema kuwa mnunuzi aliyekusudia kulimiliki shamba hana lawama, bali aliyekusudia mapato tu amekula riba kwa jina la bei. Kwa upande wa Mashafii jambo ni zito zaidi, kwa kuwa Imamu Shafii (Mungu amrehemu) huipima akdi kwa dhahiri ya maneno yake. Kadhi hapasui kifua cha mtu kutazama nia. Watu wengine wakajificha nyuma ya kauli hii, nami naona wamemdhulumu Imamu, kwani kusema kuwa kadhi hawezi kuiona nia si kusema kuwa nia haina hesabu mbele ya aijuaye. Mahanafi walikata shauri kwa uwazi. Katika Majalla, sheria iliyokusanywa Istanbul baina ya 1869 na 1876, kifungu cha tatu kabisa kinaweka kanuni kuwa katika akdi huzingatiwa makusudio na maana, si maneno na sura yake. Na mfano waliouchagua papo hapo ni huu huu wetu: bei ya wafaa huhukumiwa kama rahani.

Wakati ule ulipokuja utawala wa himaya ya Kiingereza mwaka 1890, nyaraka hizi zikaanza kufika mbele ya mahakimu waliosoma London na Bombay. Wakauliza: hii ni bei au ni rahani? Kama ni bei, muda ukipita shamba limekwenda. Kama ni rahani, mwenyewe bado ana haki ya kulikomboa. Walielekea kuihesabu kuwa ni rahani, wala si ajabu, kwani rahani ya Kiingereza ya zamani nayo iliandikwa kama uhawilishaji wa ardhi wenye sharti la kurudishwa, mpaka mahakama zao zikaingilia kumlinda mdaiwa. Ila hukumu hiyo ilikuwa na pande mbili. Ilimwokoa mwenye shamba asipoteze ardhi kwa kupitwa na siku. Lakini pia ilimtoa riba uchi, ikampa mwenye kudai njia ya mahakama ya kuliuza shamba mnadani. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1930, madeni yalikuwa makubwa hata serikali ikatoa sheria mwaka 1934 za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa wengine bila ya idhini, na kuyasimamisha madai kwa muda.

Kuna jambo moja katika Aya ya Deni, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambalo mimi kila nikilisoma hunikumbusha mashamba haya. Mwenyezi Mungu anaamrisha deni liandikwe na mwandishi muadilifu, na anayetamka maneno ya kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa. Si mwenye fedha. Mdaiwa ndiye anayefungwa na karatasi, basi maneno yawe yake. Na akiwa dhaifu au hawezi, amtamkie walii wake kwa uadilifu. Sasa fikiri hali ya Unguja: hesabu ziko katika daftari la tajiri, kwa Kigujarati, waraka uko kwa Kiarabu cha kisheria, na mwenye shamba, akiwa Mswahili wa Makunduchi au Mpemba wa Wete, anaweka alama ya kidole. Nani aliyetamka?

Nawe usidhani mambo haya yamekwisha. Hata leo mijini mwa Tanzania wako wakopeshaji wa mitaani wanaomwandikisha mwenye shida karatasi ya mauziano ya nyumba au ya gari, badala ya karatasi ya mkopo. Mama anakwenda kutafuta fedha za hospitali, anaambiwa atie sahihi hapa, hii ni desturi tu. Siku ya kushindwa kulipa ndipo anapoambiwa kuwa yeye si mdaiwa, ni mpangaji katika nyumba ya mtu. Wala hakuna hata ile khiyari ya wazee iliyoandikwa pembeni.

Mashamba ya Unguja na Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, yaliingia mikononi mwa serikali na mengi yakagawiwa watu eka tatu tatu, kwa hivyo ule waraka wa kashani haumrudishii mtu mkarafuu hata mmoja. Lakini usiutupe. Nyingine za namna yake zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Ukipata wa kukusomea, mwambie asisimame penye neno "ameuza". Asome mbele, penye muda wa khiyari. Kisha atafute kama kuna waraka mwingine wa ijara, wenye majina yale yale na tarehe ile ile.