Mgeni na Mwenyeji katika Nchi ya Geita

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii yafaa kuwa kipimo chetu tunapochunguza jinsi mji upatavyo kuwa kituo cha watalii, maana historia ya Geita yaonyesha ya kuwa wageni waweza kuja miaka mingi pasipo mwenyeji kupona.

Wageni wa kwanza wa namna hii walifuata dhahabu, iliyotambuliwa tangu enzi ya Wadachi. Mgodi mkubwa ulianza kazi katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Walichokitafuta kilikuwa chini ya miguu ya wenyeji, si kwa wenyeji wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1966 walifika wageni wa ajabu zaidi. Bernhard Grzimek wa Frankfurt alianza kuachilia sokwe katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria. Kufikia mwaka 1969 walikuwa wameletwa 17, kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Kisiwa kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1965, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Lakini wavuvi na wakulima waliokaa humo walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mahali pa kutembelewa palipatikana kwa kumwondoa mwenyeji.

Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. "Mgeni" ni neno lenye mwenzake: hakuna mgeni pasipo mwenyeji. "Mtalii" latokana na kutalii, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, yaani kupitia jambo kwa macho. Nalo halidai mwenzake.

Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa makao ya mkoa. Hata hivyo mtalii wa Rubondo aweza kushuka kisiwani kwa ndege, au kupanda mashua Nkome, asilale mjini hata usiku mmoja.

Mwaka 1980 mwanajiografia R. W. Butler alieleza hatua za kituo cha watalii: kugunduliwa, kushiriki kwa wenyeji, kukua, kukomaa, kisha kudumaa, na baadaye kufifia au kufufuka. Kwa maoni yetu, Geita iliruka hatua ya pili. Mji haukomai kwa hesabu ya wageni tu, bali mgeni anapomhitaji mwenyeji: masimulizi ya Wazinza na Wasukuma, chakula chao, kumbukumbu za wachimbaji wa kale. Dhahabu ina mwisho, kama mwaka 1966 ulivyofundisha. Ni heri mwenyeji aanze kupona kabla haijaisha tena.