Unga Uliokataa Kulainika

Bomba la PVC tunaliita la plastiki tu, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, itokayo katika chumvi. Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann aliona gesi ya vinili kloridi, ikiwa juani, ikigeuka kitu kigumu cheupe. Kikakaidi kila kazi, hata mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, akitafuta gundi, akakichemsha katika kiyeyusho kikalainika.

Wanafunzi wangu walikipenda kisa hicho. Mimi niliwarudisha kwenye gesi. Mwaka 1974, huko Louisville, Kentucky, ilitangazwa kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha PVC wamekufa kwa saratani adimu ya ini. Sheria ya Marekani ilikuwa ikiruhusu sehemu 500 za gesi hiyo katika milioni ya hewa. Mwaka 1975 ikaruhusu 1.