Darasa la Biolojia Lililosubiri Kiswahili

Utangulizi

Kila mwezi wa Januari, wanafunzi wa Tanzania waliofaulu mtihani wa darasa la saba huanza kidato cha kwanza. Katika ratiba yao mpya hukuta somo linaloitwa biolojia. Tukichunguza kwa makini tutaona kuwa yaliyomo katika somo hilo si mageni sana kwao. Katika shule ya msingi walikwisha kujifunza, chini ya somo la Sayansi, habari za mimea na wanyama, sehemu za mwili, uzazi, lishe na magonjwa. Kinachogeuka ghafla ni lugha. Mtoto aliyejua kueleza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula huambiwa sasa aanze upya kwa Kiingereza, na kwa wengi Kiingereza hicho wamekisoma kama somo tu, vipindi vichache kwa wiki.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mpaka huo wa lugha. Tutaonyesha kuwa haukuwekwa na maumbile, bali na maamuzi ya watu, na kwamba angalau mara mbili ilipangwa uvunjwe. Mara zote mbili biolojia ya kidato cha kwanza ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyokusudiwa kuanza mwaka kwa Kiswahili, na mara zote mbili haikuanza. Sisi walimu wa Kiswahili tulio nje ya Tanzania tunaweza kuiona habari hii kuwa ya jirani. Hata hivyo, msomaji atakubaliana nasi mwishoni kwamba inatuhusu.

Mpaka ulivyowekwa

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikitumia Kiswahili katika utawala na katika shule zao. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliurithi utaratibu huo, lakini wakauwekea kikomo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza kuwa lugha za Kiafrika zitumike katika madarasa ya mwanzo na lugha ya Ulaya ifuate juu. Hivyo Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi, na Kiingereza kikawa lugha ya wachache waliopanda zaidi.

Ni kweli kwamba wakati huohuo Kiswahili kilikuwa kikisanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambamo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote zilikuwa wanachama. Lakini kazi kubwa ya Kamati ilikuwa kusimamia tahajia, sarufi, kamusi na vitabu vya ngazi za chini. Hakuna aliyeiagiza itafute namna ya kueleza muundo wa seli au mzunguko wa damu kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu mwanafunzi huyo alikuwa anaandaliwa kufanya mtihani wa Cambridge. Basi ukosefu wa istilahi, ambao baadaye ulitumiwa kama hoja dhidi ya Kiswahili, ulikuwa tunda la mgawanyo huo. Lugha isiyopewa kazi haiwezi kuwa na zana za kazi hiyo.

Tarehe ya kwanza: 1971

Mwaka 1967 mambo yalibadilika kwa kasi. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari, na mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, nayo ilikuwa tayari kazini.

Mwaka 1969 Wizara ya Elimu iliwaandikia wakuu wa shule za sekondari waraka wenye mpango wa hatua kwa hatua. Siasa ingefundishwa kwa Kiswahili kuanzia mwaka wa masomo wa 1969/70. Sayansi ya nyumbani ingefuata mwaka 1970/71. Kuanzia 1971/72 ingefika zamu ya historia, jiografia, biolojia, kilimo na hisabati.

Tunaomba msomaji auangalie vizuri mpangilio huo. Biolojia haikuachwa mwishoni kabisa pamoja na mambo yaliyodhaniwa kuwa magumu. Iliwekwa katika kundi moja na historia na kilimo. Bila shaka waliopanga waliona jambo ambalo kila mkulima analijua: kwamba watu wetu wamekuwa wakizungumza juu ya mbegu, mizizi, wadudu, mimba na homa kwa lugha zao tangu zamani. Somo la viumbe hai lina mizizi katika maisha ya kila siku kuliko somo la umeme au la kemikali.

Somo la siasa lilihama kweli. Biolojia haikuhama. Katika miaka hiyohiyo Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaunda Baraza lake la Mitihani. Kwa hiyo mtihani ulikuwa mikononi mwa Watanzania wenyewe, lakini lugha ya mtihani ikabaki ileile.

Tarehe ya pili: Januari 1985

Mwishoni mwa mwaka 1980 Rais Nyerere aliteua Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1982. Kuhusu lugha ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwezi Januari 1985, kisha kipande mwaka hadi mwaka pamoja na wanafunzi hao mpaka kifike chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuwa wa busara, kwani ulimpa kila mwalimu na kila mwandishi wa vitabu muda wa kujiandaa darasa moja baada ya jingine.

Mwaka 1983 serikali ilitangaza kuwa pendekezo hilo halitatekelezwa. Lazima tuwe waadilifu tunapoeleza sababu. Nchi ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikiwa vimeigharimu sana. Fedha za kigeni zilikuwa haba na vitabu vilikuwa adimu, hata vya Kiingereza. Walimu wa sayansi walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza. Aidha, viongozi wengi, na Nyerere mwenyewe katika miaka hiyo, waliona kuwa Kiingereza kikiachwa kuwa lugha ya kufundishia kingekufa nchini, na kwamba taifa lingejitenga na ulimwengu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Hata hivyo, yaliyofuata yaliuonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza kiwango cha Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Waligundua kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Mtu angetarajia wapendekeze lugha nyingine. Badala yake walipendekeza Kiingereza kiimarishwe, na baadaye ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wake kwa msaada wa Uingereza. Wanafunzi walioanza biolojia Januari 1985 waliianza kwa lugha ambayo uchunguzi wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeonyesha kuwa hawaimudu.

Kamusi iliyofika bila darasa

Kati ya tarehe hizo mbili na baada yake, wanaisimu hawakulala. BAKITA ilianza kuchapisha vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa mara ya kwanza mwalimu aliyetaka kufundisha biolojia ya sekondari kwa Kiswahili angeweza kuwa na kitabu kimoja cha istilahi mezani. Kamusi ilifika miaka mitano baada ya Januari 1985, na ikakuta shule ambazo hazikuruhusiwa kuitumia katika mtihani.

Hapa pana fundisho kwa wanafunzi wetu wa isimu. Chukua neno usanisinuru. Usanisi ni kuunganisha vitu kuwa kitu kipya, na nuru ni mwanga. Mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza amekwisha kupata nusu ya somo: jani linaunda chakula kwa kutumia mwanga. Neno linalotumika katika Kiingereza limejengwa vivyo hivyo, lakini kwa Kigiriki, na mtoto wa kidato cha kwanza hana Kigiriki. Hata jina la somo lenyewe, biolojia, ni la Kigiriki: uhai na elimu. Kiingereza kililikopa, nasi tumelikopa. Kukopa si dalili ya umaskini wa lugha, maana lugha zote za sayansi zimekopa.

Lakini istilahi haikomai kamusini. Seli, tishu, ogani, takamwili na mmeng'enyo ni maneno yanayozoeleka kwa kusemwa na mwalimu, kuandikwa ubaoni, kukosolewa, na kutumiwa na mtoto anayejibu swali. Wanaosema tusubiri istilahi zitosheleze kwanza ndipo tufundishe wanaligeuza jambo juu chini.

Kinachotokea darasani

Mtafiti Halima Mwinsheikhe, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 2002, alichunguza suala hili hasa katika masomo ya sayansi ya sekondari Tanzania. Kazi yake, na ile ya mradi wa LOITASA ulioanza mwaka huohuo, zinatoa picha inayofanana. Somo linapoendeshwa kwa Kiingereza kitupu, wanafunzi hunyamaza, hunakili ubao na kukariri. Mwalimu anapochanganya Kiswahili, darasa huamka. Linapoendeshwa kwa Kiswahili, wanafunzi huuliza na kubishana. Kisha mtihani hurudi kwa Kiingereza, na aliyeelewa hushindwa kueleza alichokielewa.

Sera zimeendelea kuyumba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikithibitisha Kiingereza katika sekondari. Zanzibar, kwa sera yake ya 2006, ilielekea upande mwingine kabisa: iliamua sayansi na hisabati zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sera ya Tanzania ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Pamoja na tamko hilo, biolojia ya sekondari bado inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Na sisi majirani?

Huku kwetu Uganda, Kiswahili hakikupata hata tarehe ya kuahirishwa. Gavana Gowers alipotaka kukikuza mwaka 1927 alipingwa vikali, Kabaka Daudi Chwa akiwa miongoni mwa wapinzani. Mwaka 1952 kamati iliyoongozwa na Bernard de Bunsen wa Makerere ilipendekeza kiondolewe katika mitaala ya shule. Mtoto wetu husoma kwa lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza, kwa mujibu wa mtaala ulioanza 2007, kisha huvuka kwenda Kiingereza akiwa na umri mdogo zaidi kuliko mwenzake wa Tanzania. Mpaka upo uleule, isipokuwa umesogezwa chini, mahali ambapo wachache wanauona. Nchini Rwanda uamuzi wa mwaka 2008 uliwageuza walimu na wanafunzi kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza karibu kwa mara moja.

Hatutaki msomaji afikiri tunadai Kiswahili kifundishie biolojia mjini Kampala kesho. Kwa watoto wetu wengi Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza, na kumhamisha mtoto kutoka lugha moja ngeni hadi nyingine si ukombozi. Tunachodai ni kwamba swali liulizwe kwa namna sahihi. Swali si lugha ipi ina heshima, bali ni lugha ipi mtoto huyu anaweza kuulizia swali.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza ina jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Katika tarehe zote mbili, walimu wa Kiswahili na walimu wa sayansi walikuwa kama watu wa nyumba mbili zisizotembeleana. Sisi tulitunga maneno, wao wakafundisha bila hayo maneno. Pengo hilo halihitaji sera ili lianze kuzibwa. Mwalimu wa Kiswahili anaweza, katika wiki za mwanzo za mwaka, kuchagua kifungu cha ufahamu kinachohusu seli au lishe badala ya kile cha sungura na fisi alichokizoea. Anaweza kumwuliza mwenzake wa biolojia ni dhana zipi zinawashinda wanafunzi, kisha akaziandikia maelezo mafupi. Anaweza kuwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kukusanya majina ya mimea na magonjwa katika lugha zao na kuyalinganisha na istilahi sanifu.

Kazi hizo ni ndogo, lakini ndizo zilizokosekana. Ikiwa siku moja tarehe ya tatu itapangwa, iwe Dodoma au kwingineko, itafaa ikute maneno yamekwisha kuzoeleka vinywani mwa watoto. Mbegu haisubiri mvua ikiwa bado ghalani. Hupandwa kwanza.