Gemu Zisizo na Mechi: Udogo wa Mchezo Ukitazamwa kutoka Ujiji

Kwenye banda la gemu ninalopita karibu kila jioni Ujiji kuna mabenchi mawili, televisheni yenye mstari wa kijani pembeni, na PlayStation 3 iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili kifuniko chake kisifunguke. Malipo ni kwa mechi. Aliyefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa. Sijawahi kukuta kwenye skrini ile kitu kingine zaidi ya kandanda. Siku moja nikamuuliza kijana anayesimamia banda kama hana gemu nyingine.

"Zipo, mwalimu," akanijibu bila kugeuka, "ila hazina mechi."

Jibu hilo limenifaa kuliko maandishi mengi niliyosoma kuhusu gemu za watengenezaji wadogo. Katika maandishi hayo udogo hupimwa upande wa mtengenezaji: walikuwa watu wangapi, fedha walitoa wapi, walikuwa na msambazaji mkubwa nyuma yao au la. Jesper Juul, katika kitabu chake Handmade Pixels cha mwaka 2019, ameonyesha vizuri jinsi neno "huru" lilivyogeuka kuwa dai la uhalisi, yaani njia ya kusema kwamba kazi hii ina mkono wa mtu ndani yake. Sina ugomvi na dai hilo. Ninachodai ni kwamba kipimo hicho hakimsaidii mchezaji wa Kigoma. Kwake yeye udogo ni nafasi ambayo gemu inachukua kwenye simu, bando inayokula, lugha inayozungumza, na kama inakubali kuachwa katikati mama akiita. Tukipima hivyo, gemu nyingi zinazoitwa ndogo ni kubwa mno, na si za kuingia banda lile.

Niseme mapema kwamba mimi si mchezaji hodari. Nacheza kupitisha muda: foleni ya benki, kikao kisichoanza, na zaidi ya yote treni. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na ndani yake mtu hujifunza haraka ni gemu gani inadai intaneti na ipi inajitegemea. Juul huyohuyo, katika A Casual Revolution cha mwaka 2010, aliwatetea wachezaji wa aina yangu. Hoja yake ni kwamba tofauti haiko katika akili ya mchezaji. Iko katika jinsi gemu inavyoheshimu muda wake. Nadhani hoja hiyo inabeba uzito zaidi huku kwetu, maana huku si muda tu unaokatika.

Chukua Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na ilizaliwa na msiba wa baba yake. Kijana Zuberi anasoma hadithi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ndani ya hadithi hiyo mganga Zau anakwenda kumdai baba yake kwa Kalunga, mungu wa mauti. Ukitaka, utaisikiliza kwa Kiswahili. Niliicheza kwa siku nne nyumbani kwa mpwa wangu Dar es Salaam, na nakiri kwamba saa ya kwanza sikuwa nacheza, nilikuwa nasikiliza tu. Nimezoea gemu zinazonifanya nisome maandishi ya Kiingereza chini ya skrini huku adui akinipiga. Hapa macho yalikuwa huru. Kama gemu, mapigano yake yanajirudia na ramani yake haina siri nyingi, lakini msiba ule nimeuelewa kwa masikio, na hilo halijawahi kunitokea.

Tatizo liko kwenye mashine. Zau ilitolewa kwa PlayStation 5, Xbox za kizazi kipya, Switch na kompyuta. Kwenye PS3 yenye mpira wa baiskeli haiingii, wala kwenye PS4. Na msambazaji wake ni Electronic Arts, kampuni ileile yenye gemu ya kandanda ambayo vijana wetu wanaendelea kuiita FIFA ingawa tangu 2023 ina jina jingine. Kwa hiyo kampuni moja imeingia banda la Ujiji kwa mlango wa mpira bila kujua Kiswahili, na ilipokuja na Kiswahili ikakuta mlango haufunguki. Miezi michache baada ya gemu kutoka, studio ilipunguza wafanyakazi. Sisemi chanzo ni sisi kutokuinunua. Nasema tulikuwa wasikilizaji wake wa asili, na hatukuwepo.

Kuna gemu nyingine ambayo haikutukusudia kabisa, nayo ndiyo iliyonishika zaidi. Dredge, ya mwaka 2023, ilitengenezwa na kikundi kidogo cha New Zealand kiitwacho Black Salt Games. Wewe ni mvuvi mwenye mashua na deni. Unavua, unapanga samaki kwenye miraba ya sehemu ya kubebea, unarudi kuuza, unaboresha injini. Kila samaki ana umbo lake: mwembamba anakaa kwenye mstari mmoja, mwenye kona unamgeuza mara tatu ndipo akae. Saa haitembei mpaka mashua itembee au uanze kuvua, hivyo unaweza kuiacha ukaenda kunywa chai na usikute umepoteza kitu. Huo ndio udogo ninaoutaka.

Lakini usiku ukiingia, Dredge inakuwa gemu ya hofu. Jicho linafumbuka juu ya skrini, ukungu unatanda, miamba inatokea pasipokuwa na mwamba, na kitu kikubwa kinapita chini ya mashua. Mchezaji wa Christchurch au London anaelewa mara moja kwamba usiku ni hatari, na kwamba mtu mwenye akili hulala bandarini. Mimi nilikaa nikacheka. Simama ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, usiku wa giza utazame Ziwa Tanganyika: taa zimejipanga majini kana kwamba kuna mtaa ng'ambo ya mtaa. Kwetu usiku ndio saa ya kazi. Dagaa hufuata mwanga, na migebuka huwafuata dagaa. Zamani mwanga huo ulikuwa wa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Kinachomrudisha mvuvi nyumbani ni mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa zake hazivuti kitu. Hofu ipo, ya upepo hasa, na walioachwa wajane kwenye mwalo hawahitaji gemu iwaeleze. Ila haikai mahali Dredge ilipoiweka.

Na kuna jambo la miraba. Dredge inamwona samaki mmojammoja, kila mmoja na jina na picha kwenye kitabu. Dagaa hana miraba. Humwagwa, hujazwa kwenye ndoo na beseni, huanikwa, hugeuzwa na wanawake juani mchana kutwa, na mvua ya ghafla ya dakika 20 inaweza kuharibu kazi ya usiku mzima. Huko ufukweni, baada ya samaki kufika, ndiko kwenye mkakati na bahati nasibu ambayo mtengenezaji gemu angeitamani, na Dredge inaimaliza kwa kubonyeza "uza". Halafu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu ya mvuvi mwenye deni asiye na pa kuvua! Deni lipo kwenye Dredge, kufungwa kwa ziwa hakupo. Silaumu; walitengeneza bahari yao. Ninachosema ni kwamba gemu iliyonionyesha wazi zaidi kile ambacho gemu ya ziwa letu ingeweza kuwa ilitoka visiwa vya Pasifiki, na imenionyesha kwa makosa yake.

Nitapingwa kwamba udogo wa upande wa mchezaji tayari upo, tena tele: gemu za bure za simu, nyepesi na rahisi. Nimezijaribu. Nyingi zinakula bando kwa matangazo kuliko kwa mchezo, na hazikuachi uondoke. Zinakuita kila saa kama mdai. Bei ya bure si udogo. Mfano mwaminifu zaidi ni Nyoka, ile ya Nokia ya mwaka 1997, au Balatro ya mwaka 2024, kazi ya mtu mmoja wa Kanada, ambayo mcheza karata yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma, ataielewa kabla hajaelewa Kiingereza chake. Na kabla ya hizo zote kuna bao: mashimo 32, kete 64, na kama ubao haupo basi ardhi ipo. Bao lina mechi, lina watazamaji wenye kelele, na halijawahi kumwambia mtu kwamba mashine yake imepitwa na wakati.

Ombi langu ni kwa wanaotengeneza gemu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambao wengi wanajifunza kupima kazi yao kwa macho ya mashindano ya ughaibuni. Kabla ya kuchora mhusika wa kwanza, njooni mkae kwenye benchi la banda kwa siku nzima. Leteni gemu inayozungumza Kiswahili, inayokubali mashine kuukuu, na yenye mahali pa kumwambia mwenzio "zamu yangu imekwisha, kaa." Mwenye banda ataikubali ikiwa na mechi.